Mashine Isiyozimika

Norman wa stoo alifika wodi ya watoto wachanga baada ya chai ya saa nne, akaanza kuhesabu. Ilikuwa wiki ya kuhesabu mali katika Hospitali ya Kirichwa, na kila mwaka wiki hiyo Norman hutembea na kopo la rangi nyeupe na brashi nyembamba, akiandika namba kwenye kila kitu cha hospitali ili kisije kikapata miguu: vitanda, mizani, mabeseni, hata ndoo ya kupigia deki. Alihesabu vitanda vidogo, akahesabu stendi za dripu. Alipofika dirishani alimkuta Sista Kasiva ameketi kwenye kiti cha mbao, mtoto mmoja katika mkono wa kulia na mwingine katika wa kushoto, wote wawili wamefunikwa shali, pua zao zikitoa jasho kidogo.

"Hapa kwa karatasi nimeandikiwa kuna mashine ya kupasha watoto joto," Norman alisema. "Siioni."

"Iliungua. Stima ilipotea, ikarudi na nguvu. Si unakumbuka?"

"Nakumbuka. Sasa hawa wanapashwa na nini?"

Kasiva aliinua viwiko kumwonyesha. Norman akasogea, akamgusa mkono kwa adabu, akauondoa wake upesi kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa. Aliitazama karatasi, akamtazama Kasiva, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa maana hesabu yake ilikuwa imekaa sawa. Hakumpaka rangi. Norman ni mtu wa kanisa, na Kasiva ni mama wa watu. Alirudi stoo akamletea kibati kidogo chenye namba, akamwomba akivae karibu na kile cha jina lake. Kwenye karatasi aliandika: kifaa cha kupasha joto, mikono, jozi moja, hali nzuri.

Kasiva alikivaa. Watoto walikuwa wamelala na hakutaka mabishano.

Joto lenyewe lilikuwa limemwanza mwezi uleule mashine ilipoungua. Mumewe, Ndambuki, ndiye aliyeligundua kwanza, nyumbani kwao Dagoretti Corner, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliona kwamba uji katika kikombe cha mkewe unakataa kupoa. Jioni yake Kasiva alikanda unga wa mandazi, na unga ukaiva upande mmoja kabla ya kufika kwenye mafuta. Walikula upande ulioiva. Majirani waliposikia, walianza kumletea sare za shule siku za mvua azipigie pasi kwa viganja, naye hakuwakatalia. Hakuna aliyelifanya jambo hilo kuwa gumzo. Nairobi kila mtu ana chake, na anayeuliza sana huambiwa ashughulike na yake.

Kazini mambo yalijipanga yenyewe. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliwekwa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama inavyotakiwa, na wengi hilo liliwatosha. Lakini walikuwapo wale ambao hata kifua cha mama hakikuwatosha, wanaofika wodini baridi kama nyanya za alfajiri sokoni. Hao waliletwa kwa Kasiva. Mwenye kuamua alikuwa Sista Debra, mkuu wa wodi. Debra alisimama mlangoni, akawatazama walioletwa, akasema, "Huyu, na huyu," na Kasiva akafungua mikono. Yeye mwenyewe hakuwahi kuchagua, na tuseme ukweli, hiyo ilikuwa nafuu yake kubwa.

Mara nyingi alikuwa amemwomba Debra aagize mashine nyingine. Debra alikuwa mwanamke mwema aliyechoka.

"Kasiva, mimi nimebakisha kidogo niende Murang'a nifuge kuku," alikuwa akisema. "Kuagiza mashine ni kutafuta maneno na watu wa mjini. Ungoje mkuu atakayekuja."

Basi Debra alipoandika barua ya kustaafu na nafasi yake ikatangazwa, Kasiva aliona kwamba mkuu atakayekuja angeweza pia kuwa yeye. Mkuu wa wodi ndiye anayetia sahihi maombi ya vifaa. Hakutaka ofisi wala kuitwa mkubwa. Alitaka ile sahihi.

Tangazo lilimtaka kila mwombaji aeleze kinachomsukuma, mafanikio yake na malengo yake. Jumamosi, baada ya kufua, aliketi mezani na Ndambuki, ambaye ni karani wa mahakama na anajiona fundi wa maneno. Ndambuki alishika kalamu kwa sababu karatasi hukunjamana kwa joto Kasiva akiishika muda mrefu.

"Tuanze na kinachokusukuma," Ndambuki alisema.

"Nataka mashine mbili."

"Mama Musili, hicho si kinachokusukuma. Hiyo ni shopping."

"Basi andika nataka kuwahudumia wananchi."

"Sasa hapo umeongea."

Mafanikio yalikuwa mengi kuliko alivyodhani. Alikuwa amesoma digrii jioni baada ya kazi, akisinzia katika basi na vitabu mapajani. Alikuwa amewafundisha manesi wageni jinsi ya kumlisha mtoto asiyejua kunyonya, tone kwa tone, bila kumkaba. Maambukizi yalikuwa yamepungua wodini tangu aanze kuwasimamia watu, madaktari wakiwamo, waoshe mikono mpaka viwikoni. Ndambuki alitaka mikono yenyewe iwe ya kwanza kwenye orodha. Kasiva alikataa.

"Hayo si mafanikio," alisema. "Hiyo imenitokea tu."

Kwenye malengo alichukua kalamu mwenyewe, akaandika haraka kabla karatasi haijakunjamana. Aliandika kwamba lengo lake ni siku moja kuketi wodini mikono yake ikiwa mitupu, na watoto wote wakiwa na joto. Ndambuki alisoma, akakuna kidevu.

"Mkono mtupu haulambwi," akasema. "Hao watu wataona kama unatafuta kustarehe."

"Wacha ikae hivyo."

Ikakaa hivyo.

Waombaji waliitwa kwenye mahojiano mjini, kwenye ofisi za bodi ya wadhamini, ghorofani, mahali ambapo dirisha linatazama miti ya bustani na watu walio chini wanaonekana wadogo na wenye haraka. Mwenyekiti alikuwa Bi Wanjira, mama wa Loresho mwenye sauti ya upole na mkufu wa lulu. Kando yake aliketi Zedekiah, katibu wa bodi, mtu aliyezijua kanuni zote za hospitali kwa moyo kama wengine wanavyojua zaburi. Walikuwa wamehoji watu tangu asubuhi na chai yao ilikuwa imepoa.

"Sista, samahani," Zedekiah alisema, akimsogezea kikombe. "Kama si usumbufu."

Kasiva alikishika kikombe. Bi Wanjira akamuuliza ni nini kinachomsukuma. Alikuwa amelikariri lile jibu la wananchi njia nzima, lakini labda kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, mdomo ulijisemea mambo mengine.

"Mikono ni miwili," alisema.

Wakangoja.

"Julai ya mwaka juzi, ile ilikuwa na baridi sana, tuliletewa watoto watatu alasiri moja. Sista Debra akasema huyu, na huyu. Nikawabeba. Wa tatu alikuwa msichana, wa mama mmoja anachoma mahindi pale Corner. Mama alikuwa bado chumba cha upasuaji. Tukamfunga mtoto na shali, na pamba, na chupa za maji moto. Wakamlaza hapa, karibu na goti langu. Nilijaribu kumgusisha goti. Lakini joto liko kwa mikono peke yake."

Kikombe mikononi mwake kilikuwa kikifuka moshi.

"Nilifikiria niweke mmoja chini nimchukue huyo. Sikujua ni nani niweke chini. Nikafikiria mpaka ikawa hakuna haja. Mama alipotoka alikuja kuniuliza kama alikuwa na nywele. Nikamwambia alikuwa nazo nyingi."

Bi Wanjira alivua miwani, akasema pole sana, na alimaanisha. Zedekiah alichukua kikombe chake, akakirudisha mezani, akasema sasa ilikuwa moto kupita kiasi lakini asante.

Majibu yalitoka baada ya muda usio mrefu. Kupata si kwa werevu, lakini safari hii aliyestahili ndiye aliyepata: Kasiva alikuwa amewapita wote. Zedekiah ndiye aliyempigia simu kumpongeza, na baada ya pongezi akakohoa.

"Kuna kitu moja tu, Sista. Uko kwa orodha ya mali ya wodi."

"Najua. Norman alinipa namba."

"Sasa mali ya wodi haiwezi kupandishwa cheo. Lazima kwanza iondolewe kwa orodha."

"Inaondolewa aje?"

"Ikiharibika. Fundi anakuja, anaipima, anaandika mbovu, tunaiondoa. Kama mfanyakazi hatuna shida na wewe hata kidogo."

Kasiva alishukuru, akakata simu. Asubuhi ya siku ambayo fundi angekuja, alipita kwa muuza samaki wa pale Corner akanunua barafu.

Fundi wa mitambo wa hospitali ni Ephantus, mzee wa Kileleshwa anayekaa katika nyumba ya watumishi nyuma ya ghorofa za matajiri, na ambaye hajawahi kuandika uongo kwenye kazi yake hata alipoombwa na watu wakubwa kuliko Kasiva. Alipofika wodini na mkoba wake alimkuta Kasiva amezamisha mikono katika beseni la barafu. Alisalimia, akavuta kiti, akatoa vipimo vyake kimoja kimoja akavipanga kwenye kitambaa. Alipomaliza kuvipanga barafu ilikuwa imekwisha na maji yalikuwa yanatosha kuoga.

"Usijisumbue, mama," Ephantus alisema. "Leta."

Alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. Joto lilikuwa sawasawa, bila kupanda wala kushuka, na akakiri kwamba katika maisha yake hajaona mashine ya ng'ambo inayoshika joto hivyo. Kasiva aliinamisha kichwa. Aliona sahihi yake ikienda zake.

"Nikuulize, kama vile huwa nauliza mtu yeyote mwenye mashine," Ephantus akaendelea. "Usiku inakuwa aje?"

"Mimi nalala. Hiyo hailali."

"Ukienda likizo?"

"Likizo yangu ilisimamishwa."

"Ukiugua?"

"Nilipougua walinilaza hapa wodini, nikiwa nimewabeba."

"Ukitaka kuizima, unaizimia wapi?"

"Haizimiki, mzee."

Ephantus aliweka penseli nyuma ya sikio, akafikiri, kisha akaichukua tena.

"Basi ni mbovu," alisema. "Mashine haina swichi ni hatari kwa anayeitumia. Hapa anayeitumia na mashine ni mtu mmoja. Hiyo ni hatari mara mbili."

Akaandika, akatia sahihi, akaanza kurudisha vipimo mkobani. Kasiva aligeukia dirisha na kulia kidogo, machozi yakikauka kabla ya kufika kidevuni kwa sababu aliyapangusa kwa mkono. Kwa miaka yote ile watu walikuwa wameishukuru mikono yake, wameiombea kanisani, wameipa namba. Hakuna aliyewahi kuuliza kama inalala. Furaha aliyoisikia ilikuwa kubwa kuliko ya kupata cheo, nayo ilimshangaza, kwa kuwa alikuwa ametoka tu kuambiwa ni mbovu.

Debra aliagwa kwa keki na kuku wawili hai wa kuanzia. Norman akaja kuchukua kibati. Kasiva akapewa ufunguo wa ofisi, yenye meza, kabati, na kalenda ya mwaka uliopita. Siku ya kwanza, kabla hata ya kubadilisha kalenda, aliandika ombi la mashine mbili za kupasha watoto joto, akatia sahihi. Aliitazama sahihi hiyo kwa muda. Kisha akaufungua mlango, kwa kuwa mbovu au si mbovu, watoto walikuwa wameletwa, akawabebea palepale mezani.

Jibu la mjini lililetwa na Norman mwenyewe. Alisimama mlangoni akizungusha kofia yake.

"Sista, wamesema hawawezi kununua mpya kama ya zamani haijatengenezwa."

"Ya zamani gani? Si iliungua?"

"Hapana, ile ilishatoka kwa vitabu." Norman alitazama sakafu. "Ni ile jozi moja, ya mikono."

"Lakini Ephantus aliandika mbovu."

"Aliandika mbovu. Hakuandika haitengenezeki. Wanasema inakosa swichi tu, na swichi ni kitu ndogo. Itafutwe."

"Itafutwe wapi, Norman?"

"Hata mimi nimeuliza."

Kasiva alimwomba akae. Mmoja wa watoto alipiga chafya, wakangoja amalize.

"Sasa wanataka nini kwangu?"

"Mkuu wa wodi atie sahihi kwamba mashine inaendelea kutumika wakati swichi inatafutwa."

"Nikikataa?"

"Ukikataa, itasomeka wodi haina mashine kabisa. Na wodi haina mashine haipokei watoto wadogo. Wataambiwa kwa geti waende hospitali ingine." Norman alivaa kofia, akaivua tena. "Na baridi hii."

Kasiva aliwaza juu ya mama aliyetoka kujifungua, amekaa nyuma ya bodaboda na mtoto ndani ya sweta, akielekezwa kwingine getini. Alimwomba Norman amshikie karatasi isikunjamane, akatia sahihi. Ndiyo iliyokuwa sahihi yake ya pili katika cheo kile, na ndiyo iliyofanya kazi.

Bi Wanjira alipopata habari kwamba mambo yametengamaa alifurahi kwa moyo mweupe. Alikuja mwenyewe kutoka Loresho na dereva wake, akaleta kiti kipya cha ngozi chenye mito pande zote mbili, kimefungwa utepe. Kilikuwa kiti kizuri, haki ya Mungu. Mgongo wa Kasiva uliacha kumuuma wiki ileile, na hakujua amshukuru vipi mtu ambaye alikuwa amemkasirikia. Meza ya ofisi ilihamishiwa dirishani ili afanye kazi zote mbili akiwa ameketi. Alijifunza kusaini kwa kalamu aliyoishika kwa meno, na mwandiko haukuwa mbaya kuliko wa madaktari. Kila mwezi alituma ombi la mashine mbili, na kila mwezi akajibiwa kwamba swichi bado inatafutwa. Ephantus aliitafuta kweli. Alimaliza vibanda vyote vya vifaa vya umeme vya Mtaa wa Luthuli, akarudi akasema zipo za aina nyingi lakini hakuna ya mtu.

Nyumbani Ndambuki alikuwa akimwita mheshimiwa, na kumwambia mvumilivu hula mbivu. Kasiva alimjibu kwamba mbivu hizo akizishika zinaiva na kuoza.

Julai ikafika, na ile baridi ya Nairobi isiyo na mvua wala jua, mbingu imefunikwa tangu asubuhi kama sufuria. Alasiri moja, Kasiva akiwa ndiyo kwanza amewarudisha watoto wawili kwa mama zao wakiwa wazima, Yvonne, nesi aliyetoka chuoni mwaka ule, aliingia akisukuma kitanda cha magurudumu. Ndani walikuwa watatu. Mmoja alitoka Kangemi, mmoja alizaliwa ndani ya teksi penye msongamano wa Barabara ya Ngong, na mmoja alikuwa wa hapohapo, mama yake bado yuko mezani kwa daktari. Wote watatu walikuwa baridi na wote watatu walikuwa wakipumua.

Yvonne alikisimamisha kitanda mbele ya kiti cha ngozi, akangoja. Kasiva naye akangoja, macho yakiwa mlangoni. Wakakaa hivyo mpaka Yvonne akasema kwa heshima:

"Sista, wewe ndio unasema."

Kasiva akayatoa macho mlangoni. Aliwatazama watoto, mmoja mmoja, akianzia kushoto, kisha akaanzia kulia. Wa kati alikuwa na nywele nyingi. Hakuharakisha, lakini pia hakukawia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujua kukawia huleta nini. Akafungua mikono.

"Huyu," akasema. "Na huyu."

Yvonne akampa wawili hao, akawafunika shali. Akamfunga wa tatu kwa pamba na shali mbili, akauliza amlaze wapi. Kasiva akamwambia amlaze pale karibu na goti lake, upande ambao angeweza kumwona, kisha aende akachemshe maji.